Nilivaa jezi ya Yanga kwenye jukwaa la Urawa Reds wakanihamisha: mgeni anaweza kweli kuwa shabiki wa timu ya Japani?

Swali:

"Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania, nina miaka miwili na kidogo hapa Japani, nafanya kazi kiwandani mkoa wa Saitama. Nyumbani mimi ni Yanga lialia toka utotoni. Mwaka huu mwenzangu wa kazini, Mjapani, alinipeleka uwanja wa Saitama kuangalia Urawa Reds. Tulifungwa, lakini wale watu wa nyuma ya goli hawakunyamaza hata dakika moja, nilisisimka mpaka usiku usingizi ukagoma. Gemu iliyofuata wanacheza na Kashiwa Reysol nikaenda peke yangu, nikakata tiketi ya nyuma ya goli, nikavaa jezi yangu ya Yanga ya njano kujivunia kwetu, nikatoa simu nirekodi nyimbo. Jamaa mmoja akanigusa bega, akawa anaongea kwa ukali huku ananionyesha jezi, Kijapani changu bado kidogo sikumwelewa. Akaja mtu wa usalama, mpole, akanipeleka kukaa upande mwingine. Niliona aibu sana. Kurudi geto nikaperuzi nikakutana na habari za lile bango la 'Wajapani tu' la 2014 na fujo za 2023. Sasa nauliza, hawa watu ni wabaguzi? Mgeni kama mimi naweza kuwa shabiki wa kweli au najipendekeza tu? Mke wangu yuko Dodoma anasema natupa hela, mwezi uliopita zimeenda kama yen elfu thelathini, kwa timu ambayo haijachukua ligi toka 2006. Na la mwisho, usicheke: hii timu ni nyekundu. Nitavaaje nyekundu mimi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, karibu. Umesema nisicheke lakini mimi ni mtu wa Msimbazi, kwa hiyo nilipofika kwenye ile sentensi ya mwisho nikashindwa kujizuia, nikacheka peke yangu kwenye treni mpaka bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akashika vizuri mkoba wake. Kwenye nyekundu tutafika, subiri. Mimi niko Saitama huu mwaka wa kumi na tano, kazi yangu ni ukalimani, na kwa kazi hiyo pamoja na mapenzi yangu mwenyewe nimeshasimama pale uwanjani mara nyingi tu nikitafsiri kati ya mlinzi na mgeni aliyechanganyikiwa kama ulivyochanganyikiwa wewe. Kisa chako nakijua karibu neno kwa neno, kinachobadilika huwa ni jezi.

Na kwenye jezi ndo pa kuanzia. Wewe ulivaa Yanga, wao waliona Kashiwa. Kashiwa Reysol ni timu ya njano, njano kabisa, uwanja wao kule Chiba ni mdogo, watu kama elfu kumi na tano hivi, mashabiki wanakaa karibu na mstari kiasi kwamba beki wa pembeni anasikia mtu akitafuna, na siku ya gemu ule mji unaona kama kuna mtu amemwaga binzari. Sasa geuza mambo. Uko Kwa Mkapa, jukwaa la Wananchi, siku ya watani wa jadi, anaingia Mjapani amevaa jezi nyekundu ya Urawa anakwambia hapana jamani hii siyo Simba, hii ni timu ya kwetu Saitama. Utamsikiliza? Huyo Mjapani atamshukuru Mungu akifika nje na jezi yake ikiwa nzima. Wewe umeguswa bega.

Halafu kuna kitu nahisi hukukiwaza. Mtu mweusi, kijana wa Afrika Mashariki, ndani ya jezi ya njano, siku ya Kashiwa: hiyo picha kwa shabiki wa Urawa ina jina, inaitwa Michael Olunga. Yule Mkenya alicheza Kashiwa toka 2018 mpaka 2020. Novemba 2019 wakiwa daraja la pili aliwapiga Kyoto Sanga magoli manane peke yake, gemu ikaisha 13 kwa 1, yaani kama hujawahi kuitafuta video yake itafute leo, halafu mwaka uliofuata wamerudi J1, yaani ligi kuu, akafunga 28, akachukua mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Kwa hiyo yule jamaa sidhani kama alikuona mgeni aliyepotea njia. Nadhani alikuona shabiki wa Kashiwa aliyejipenyeza kwenye jukwaa lao akiwa na simu mkononi, tena labda akadhani wewe ndo umekuja kwa ubishi. Sikuwepo na siwezi kukuapia moyoni mwake kulikuwa na nini, lakini kidole chake kilikuwa kwenye jezi, hilo umeandika mwenyewe.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Uwanja umegawanywa. Saitama nyuma ya goli la kaskazini ni nyumbani, kusini ni wapinzani, na kwenye eneo la nyumbani rangi na vitu vya mpinzani haviruhusiwi, imeandikwa kwenye kanuni za klabu, haijali wewe ni Mjapani au umetoka wapi. Nimeshaona mzee wa Kijapani, mstaafu, mvi kichwa kizima, ameombwa avue sweta ya kijani siku ya kucheza na Verdy. Alikuwa ameletewa na mjukuu wake. Akaivua, baridi ile, akakaa na fulana.

Kuhusu simu, hapo lawama kidogo chukua. Ligi na klabu zina miongozo ya kurekodi video gemu ikiwa inaendelea, haki za matangazo zimeuzwa kwa hela nyingi sana, hilo moja. La pili Wajapani sura ya mtu kurushwa mitandaoni bila ruhusa yake wanaichukulia kwa uzito, kuna mtu pale amemwambia bosi wake anaumwa. La tatu ndo kubwa kuliko yote na halijaandikwa popote: pale nyuma ya goli chini mikono yako siyo yako, ni ya jukwaa. Ukishika simu hupigi makofi, na asiyepiga makofi amechukua nafasi ya mtu ambaye angepiga. Picha kabla ya gemu, piga mpaka simu iishiwe chaji. Filimbi ikilia weka mfukoni.

Sasa tuingie kwenye ulichokisoma, maana sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Lile bango lilikuwepo kweli. Tarehe 8 Machi 2014, gemu ya Urawa na Sagan Tosu, kwenye mlango wa kuingilia jukwaa la nyumbani mtu akatundika kitambaa kimeandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya Wajapani tu. Aibu kubwa zaidi kwangu siyo hata waliolitundika, ni kwamba lilikaa pale gemu inaendelea, klabu ilishaambiwa na halikutolewa mpaka mwisho. Beki wa Urawa mwenyewe, Tomoaki Makino, alilisema hadharani mtandaoni. Ligi ikawapa adhabu ambayo haikuwahi kutolewa toka J.League ianze: gemu ya nyumbani bila mtazamaji hata mmoja. Tarehe 23 Machi wakacheza na Shimizu S-Pulse, 1 kwa 1, kwenye uwanja wa watu zaidi ya elfu sitini ambao ulikuwa mtupu kabisa, unasikia kipa akikohoa. Waliohusika wakafungiwa wasiingie tena uwanjani bila kuwekewa mwisho, mabango na bendera vikapigwa marufuku kwa muda, kuna vikundi vya mashabiki vilijivunja vyenyewe.

Na kisa hicho ukikiangalia vizuri kinakufundisha kitu kuhusu lile jukwaa. Wale waliamini kwamba nyuma ya goli ni mali yao, patakatifu pao, na wageni wa kitalii wakiingia hawajui nyimbo, wanapiga picha, wanaharibu umoja. Huo ndo ugonjwa wenyewe, kuchanganya umoja na damu. Kuna shabiki anayetaka kila aliyeko pale aimbe, na kuna shabiki anayetaka kila aliyeko pale afanane na yeye, na kwa nje hao watu wawili wanapiga ngoma ile ile. Wengi niliosimama nao miaka yote hii ni wa aina ya kwanza. Wa aina ya pili nimekutana nao pia, wachache, na mmoja aliniambia neno ambalo sitaliandika hapa. Nilimwita mlinzi, na waliokuwa pembeni yangu, Wajapani ambao sikuwajua, ndo walionyoosha kidole kumwonyesha nani kasema. Ikikutokea siku neno kama hilo, au mtu akakugusa vibaya, usinyamaze ukaja kuniandikia baada ya wiki mbili. Mwite mlinzi pale pale, onyesha namba ya kiti, na kama Kijapani kimekukwama fungua programu ya kutafsiri, tena mwenzako wa kazini aende na wewe ofisi ya klabu mkaseme uso kwa uso. Baada ya 2014 hayo mambo hawayachekei.

Fujo za 2023 ni habari nyingine na haihusiani na ugeni. Agosti 2, Kombe la Mfalme, Nagoya Grampus wamewapiga 3 bila, mashabiki wa Urawa wakavuka vizuizi wakaingia uwanjani. Chama cha soka kikaitoa Urawa kwenye Kombe la Mfalme la 2024, yaani timu nzima ikakosa mashindano kwa ajili ya watu wasiofika hata basi mbili. Nakuambia hili kwa sababu najua umeshaona zile video za Wajapani wanaokota taka uwanjani kwenye Kombe la Dunia ukadhani kila shabiki wa huku ni mtawa. Taka wanaokota kweli, wamefundishwa kusafisha darasa toka shule ya msingi. Lakini Urawa ni watu wakali, wanazomea wachezaji wao wenyewe wakicheza ovyo, wameshawahi kukaa jukwaani usiku wanamsubiri bosi wa klabu aje aeleze. Ukitaka jukwaa la upole kuna timu nyingine nyingi tu.

Sasa kwa nini waliimba wakati wanafungwa, kitu kilichokunyima usingizi. Nyumbani tunajua wenyewe, tukiwa nyuma kwa goli mbili jukwaa linakuwa kama msiba, mmoja anatukana kocha, mmoja anamtukana aliyemleta, wengine wameshaanza kuwahi daladala. Hapa asili yake ni tofauti. Shule nyingi za Japani zina vikundi vya kushangilia, na kazi ya kikundi cha kushangilia ni kuwapa nguvu waliozidiwa, ukiwa unaongoza wana kazi gani na wewe? Juu ya hiyo ongeza historia ya Urawa yenyewe. J.League ilipoanza 1993 na timu kumi, Urawa ilimaliza mkiani. Watu walijaza uwanja mdogo wa Komaba kuangalia timu inayofungwa kila wiki. Kwa hiyo kuimba ukiwa unafungwa walijifunza kabla hawajajifunza kushinda, na mazoea ya kwanza ni magumu kutoka.

Halafu 1999, hii inabidi uijue, kila mzee wa pale atakuuliza. Wakati ule ligi ilikuwa na kanuni ya ajabu: ukishinda ndani ya dakika 90 unapata pointi tatu, ukishinda kwenye dakika za nyongeza kwa goli la dhahabu, yaani anayefunga kwanza gemu imeisha, unapata mbili. Siku ya mwisho, Novemba 27, Urawa na Sanfrecce Hiroshima pale Komaba, Urawa wanahitaji kushinda ndani ya 90 ili wasishuke. Dakika 90 zikaisha bila bila, matokeo ya viwanja vingine yakaja, wameshashuka, wanajua. Lakini gemu inaendelea, kanuni ni kanuni. Masahiro Fukuda, mshambuliaji wao kipenzi, akafunga goli la dhahabu. Wameshinda na wameshuka daraja kwa dakika ile ile, kwa tofauti ya goli moja tu na JEF United waliobaki juu yao. Wajapani wanaliita goli la huzuni kuliko yote duniani. Mwaka uliofuata wakarudi, 2006 wakachukua ubingwa mbele ya watu zaidi ya elfu 62, na ubingwa wenyewe ndo huo mmoja mke wako anaoujua.

Kitu kingine cha kuelewa ni kwa nini wanajiona ni wenye timu na siyo wateja. Urawa ilianza kama timu ya kampuni ya Mitsubishi, 1950, na J.League ilipoanzishwa ikazilazimisha klabu zibebe jina la mji badala ya la kampuni. Watu wakaamini kabisa kwamba timu ni ya mji. Halafu 1998 wadhamini wa Yokohama Flügels wakajitoa na timu ikatangazwa kuunganishwa na jirani yake Marinos, mashabiki wamesikia kwenye habari kama wewe na mimi. Flügels baada ya tangazo lile hawakupoteza tena hata gemu moja, Januari 1, 1999 wakachukua Kombe la Mfalme, na wakafa siku hiyo hiyo na kombe mkononi. Mashabiki wao wakachanga hela wakaunda klabu yao, Yokohama FC. Shabiki wa Japani wa umri wangu amekua anajua timu inaweza kufutwa mezani. Ndo maana anaimba kama mtu anayelinda nyumba. Na mpira una dharau zake: 2007, siku ya mwisho ya ligi, Urawa wanahitaji ushindi tu kuwa mabingwa tena, wakafungwa 1 bila na timu iliyokuwa imeshashuka daraja siku nyingi. Timu gani? Hiyo hiyo Yokohama FC.

Kwa hiyo jibu la swali lako kubwa. Ushabiki wa huku haupewi kwa damu wala kwa kujua historia, unapewa kwa kuonekana. Unakuja, unakuja tena, mvua inanyesha umekuja, Jumatano usiku wa baridi gemu ya kombe dogo umekuja, siku moja mtu aliyekuwa anakutikisia kichwa tu anakuuliza wiki iliyopita ulikuwa wapi. Mimi ilinichukua msimu mzima na kitu. Aliyeniuliza ni mama mmoja muuza maua, mpaka leo tunakaa naye. Hujipendekezi. Ungekuwa unajipendekeza ungevaa jezi mpya ya elfu kumi na kitu siku ya kwanza ukakaa katikati kabisa, wewe umeenda na ya kwenu.

Ila usirudi moja kwa moja chini kaskazini, pale katikati kwenye ngoma. Siyo kwamba hauruhusiwi, ni kwamba hutafurahi. Dakika tisini umesimama, nyimbo huzijui, mtu mwenye kipaza sauti ana mgongo kwa mpira anakuangalia wewe. Kaa pembeni ya lile jukwaa, au ngazi za juu kaskazini, au jukwaa la pembeni karibu na kona ya kaskazini, nyimbo unasikia zote na ukikosea kupiga makofi hakuna anayekuhesabu. Fanya gemu nne tano hivyo. Shuka kwenye treni Urawa-Misono mapema, masaa mawili kabla, ule mwendo wa dakika ishirini kwa miguu mpaka uwanjani ndo darasa lenyewe, wafuate wazee wenye jezi namba 12, hiyo namba klabu imewaachia mashabiki. Ukifika kwenye kiti kisicho na namba uliza "sumimasen, koko aitemasu ka", yaani samahani, hapa pako wazi? Hilo swali moja limenifungulia marafiki wengi kuliko vyeti vyangu vya Kijapani.

Kuna anayeweza kukuambia nenda Omiya, ni hapo hapo mji mmoja wa Saitama, uwanja mdogo, tiketi rahisi kupata, presha hakuna. Hajakosea. Omiya Ardija siku hizi ni ya Red Bull, wamenunua 2024, na kama unachotaka ni mpira mzuri jioni tulivu ukakaa na mtoto, Omiya inashinda Urawa mara tatu. Lakini wewe hukukosa usingizi kwa sababu ya mpira mzuri, mlifungwa siku hiyo. Ningekuwa wewe ningeenda mara moja kuangalia, ila najua ningerudi wapi, na usivae nyekundu ukienda kule. Wao ni rangi ya chungwa.

Mke wako sasa. Kuhusu ligi yuko sahihi, 2006, na hata hajajua ya 2016, Urawa waliongoza msimamo wa mwaka kwa pointi 74, Kashima Antlers wa tatu na 59, lakini mwaka ule bingwa alitafutwa kwa mechi za mtoano, Kashima wakachukua kwa magoli ya ugenini. Pointi 15 mbele na kombe hukupata, mimi siku hiyo nilitembea kwa miguu mpaka stesheni ya pili bila kujua. Lakini mwambie pia Urawa ni mabingwa wa Asia mara tatu, 2007, 2017, na lile la msimu wa 2022 ambalo fainali yake ilichezwa Mei 2023 na Al-Hilal. Sisi wawili, na Wananchi na Wanamsimbazi, tumefika fainali ya Shirikisho, nyie 2023 sisi 2025, wote tukarudi mikono mitupu. Kwa hiyo kwenye makombe ya bara tunyamaze tu tukiwa mbele ya Urawa.

Kwenye hela hapo simtetei mtu. Elfu thelathini kwa mwezi kwa mtu anayetuma nyumbani ni nyingi. Tiketi ya nyuma ya goli ni kama elfu mbili mpaka nne kutegemea gemu, nyumbani mara mbili kwa mwezi na nauli na tambi za yakisoba, hujafika elfu kumi na mbili. Zilizobaki zimeenda wapi? Bidhaa na kusafiri, najua, maana zangu zilienda huko huko. Taulo la shingoni moja linatosha miaka mitano. Safari usianze na Hiroshima, treni ya kasi ya Shinkansen kutoka Tokyo kwenda tu ni karibu elfu ishirini, anza na ugenini wa karibu, una bahati unaishi Kanto, ukanda wa Tokyo, Kashiwa, Kawasaki, Yokohama, Tokyo, zote treni ya kawaida unarudi kulala kwako. Gemu za mbali angalia mtandaoni kwa DAZN, ile huduma ya kulipia, na mwenzako wa kazini, mgawane bia siyo lazima kila mtu alipie elfu nne na kitu kwa mwezi. Panga kiwango na mkeo, mtajie hela kamili kabla hujaenda, siyo baada. Tena mshirikishe, gemu ya saa nane mchana huku kwake Dodoma ni saa mbili asubuhi, anakunywa chai, mtumie matokeo kabla hajauliza. Wangu alianza kwa kununa akaishia kunikumbusha ratiba, na ratiba yenyewe inabadilika, kuanzia 2026 msimu unaanza Agosti na kumalizika mwaka unaofuata kama Ulaya, katikati ya baridi wanapumzika, kwa hiyo mpange na likizo ya kwenda nyumbani kwa kalenda mpya.

Kitu kimoja hukuniuliza ila nakitaja kwa kuwa nimeona vijana wanaharibikiwa. Mikeka. Huku kubeti mpira kwenye tovuti za nje ni kosa la jinai, kilichoruhusiwa ni bahati nasibu ya serikali ya kubashiri mpira inayoitwa "toto" na zile mbio za farasi na baiskeli na boti. Kwa mtu wa viza kama wewe kesi ya kamari haiishii faini. Kama katika ile elfu thelathini kuna ya mkeka, usijibu mimi, mwambie mkeo leo.

Na nikuulize kitu kama kaka. Ulisema usingizi uligoma. Miaka miwili kiwandani, unaongea na mashine mchana, usiku simu, halafu siku moja unasimama katikati ya watu elfu kadhaa wanaimba kitu kimoja na wewe umo. Mimi nilivyofika nilikuwa hivyo hivyo, nilidhani nimependa timu, kumbe kwanza nilikuwa nimekaa siku nyingi bila kuimba na watu. Hakuna ubaya, wengi wanaingia kwa mlango huo. Ila angalia wiki ambayo hakuna gemu unakuwaje. Kama unakuwa mzito tu, huli vizuri, huongei na mtu mpaka Jumamosi, hiyo mpira hautibu. Halmashauri nyingi za huku zina dawati la ushauri kwa wageni, nenda kwa miguu yako ukae mbele ya mtu, waulize na daktari gani anaelewa Kiingereza. Na Watanzania wapo, tunakutana, niandikie nikuunganishe.

Haya, nyekundu. Nimefikiria hili kwa uzito wote, nikaweka ushabiki pembeni kwa kadiri Mungu alivyonijalia. Hulazimiki kuvaa jezi nyekundu. Nyuma ya goli kuna watu kibao wana koti jeusi tu na taulo la timu shingoni, hasa miezi ya baridi, na jezi ya ugenini ya Urawa mara nyingi ni nyeupe, ivae hiyo uwe na amani. Njano iache kabatini siku za Kashiwa, kijani siku za Verdy. Ile ya Yanga nenda nayo siku moja ya katikati ya wiki gemu ya timu yenye rangi nyingine, kaa jukwaa la pembeni, utaulizwa na watu watano hii ni timu gani, uwaeleze. Taulo lenyewe bahati mbaya ni jekundu, hapo sina msaada. Ukimtumia mkeo picha ikunje mpaka kidevuni, na wale wa kijiweni Dodoma usiwatumie kabisa.